Kasha Lisilo na Feni

Siku Mzee Kinu alipoingia dukani kwa fundi wa kompyuta, hakusalimia kwanza kama watu wanavyosalimia. Alisimama mlangoni, akainua mkono kama anayesimamisha gari, akauliza kwa sauti iliyomfanya mteja aliyekuwa kwenye benchi aangushe chaja yake.

"Nini hicho kinanguruma?"

Fundi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani, na mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani. Alitazama huku na huku. Akazima redio. Mzee akatikisa kichwa. Akazima feni ya mezani. Mzee akatikisa kichwa tena, safari hii kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayetafuta ufunguo alioushika mkononi.

"Basi itakuwa barabara, mzee wangu. Karibu kiti."

"Eeh?"

"KARIBU KITI!"

Mzee Kinu akaketi, akaweka kofia yake magotini. "Nataka kompyuta ya sinema," alisema. "Ya kuunganisha na tivi nyumbani. Lakini iwe kimya. Sitaki kimya cha kuambiwa na muuzaji. Nataka kimya chenyewe."

Jina la Kinu hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa mashine ya kusaga nafaka iliyokuwa uani kwake, nyuma tu ya jiko, aliyoiendesha tangu alipokuwa kijana asiye na ndevu hadi siku alipoiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mashine ile ilimsomeshea watoto, ikamjengea nyumba, ikamla masikio. Mwanzoni alipoteza sauti ndogondogo, za ndege na za mbu na za kijiko kwenye kikombe, na kwa kuwa hakuna anayemlilia mbu, hakujali. Baadaye zikafuata sauti za watu. Kifaa cha masikio alichopewa kilimpigia filimbi tu kichwani, akakitupa kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Sasa aliyeipanga ndoa ya huyu bwana alipenda mzaha, maana mwanamume wa kupigiwa kelele alipewa mke wa sauti ya chini. Msidhani alikuwa mpole. Mpole wapi! Ulimi wake ulikuwa wembe. Lakini aliutumia kwa sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala, na hakuna kilichoweza kumpandisha sauti. Hata siku pazia la jikoni liliposhika moto alisema "moto" kwa sauti ileile. Kwa hiyo watoto wakawa wakalimani. Mama anasema chakula kiko mezani. Mama anasema shati umeligeuza. Wazazi wakigombana mtoto alitumwa kutoka jikoni hadi kwenye mashine kusema, "Mama anasema haongei na wewe," na Mzee Kinu alijibu, "Mwambie nimesikia," na mtoto akarudi jikoni kumwambia.

Watoto walipokua wakaondoka, na wakalimani wakaondoka nao. Nyumba ikabaki na watu wawili waliopendana, wasio na wa kuwapelekea maneno. Walikula wakitazamana. Mke aliongea, mume akaitikia kwa kichwa bila kujua anaitikia nini, na wakati mwingine aliitikia pasipofaa, mke akacheka peke yake. Ndipo mama yule akaokota kamera ndogo ambayo binti yao aliiacha nyumbani, akaanza kupiga video. Alipiga kuku, mvua, nguo kwenye kamba, na mumewe. Yeye mwenyewe haonekani hata kwenye moja, kwa kuwa kamera ilikuwa mkononi mwake daima. Kisha akaugua. Hakuugua muda mrefu, akafa.

Baada ya mazishi, binti alizikusanya video zote akaziweka kwenye kompyuta ya zamani aliyokuja nayo, kasha kubwa jeusi lililotupwa na ofisi fulani, akaiunganisha na tivi ya sebuleni, kwa sababu tivi yenyewe ilizikataa video za kamera ile ikiwekewa flashi. Wakatazama wote wawili. Ilikuwa video ya uani, jua la alasiri. Mzee Kinu ameipa kamera mgongo, ameinama, anasugua chujio la mashine, lile bati lenye vitundu ambalo unga hupitia. Anasugua, anasugua, na baadaye sana anageuka na kucheka. Hakuna zaidi. Lakini kabla hajageuka, binti aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo, macho yakamjaa.

"Baba," alipiga kelele, "mama anaongea! Yuko nyuma ya kamera, anasema..."

Mzee Kinu alimshika mkono. "Usiniambie!"

Binti hakuelewa, na sisi tusimlaumu, maana baba mwenyewe hakueleza. Angeelezaje? Maisha yake yote maneno ya mkewe yalimfikia kwa midomo ya watu wengine, yamepoa kama chai iliyopitishwa mikono mingi. Sasa amebaki na maneno yake ya mwisho humo ndani ya mashine, na hayo aliyataka yenyewe, kwa sikio lake mwenyewe, kutoka kwa mwenye maneno. Aliona si kitu kikubwa kutaka. Mtu anayeweza kuitambua beringi iliyochoka kwa kuweka kiganja juu ya mota, atashindwaje na sauti ya mkewe?

Binti alirudi kwake, mji wa mbali. Mzee Kinu akajifungia sebuleni, akawasha ile video, akaegemeza sikio kwenye spika. Alisikia ngurumo. Alipandisha sauti, ngurumo ikabaki palepale na upepo wa uani ukaja juu yake kama gunia linaloburutwa, na ndani ya gunia kulikuwa na kitu kidogo kinachotembea ambacho kilikuwa mkewe. Hakupata hata neno moja. Aliweka kiganja juu ya lile kasha jeusi na likamtetemekea mkononi kama mnyama mwenye homa. Feni mbele, feni nyuma, feni ndogo ndani. Akasema: adui yangu ni huyu.

Lakini adui hakuwa mmoja, kwa jinsi alivyoona. Alichomoa friji, maziwa yakaganda, na ngurumo ikabaki. Alitoa betri ya saa ya ukutani. Akanunua mapazia mazito, akayaning'iniza mawili mawili, majirani wakaanza kuulizana kama mzee anafungua jumba la sinema na kiingilio ni bei gani. Alijaribu spika za kuvaa masikioni, ngurumo ikazidi, akasema bila shaka inapita kwenye waya. Siku moja alivuka hadi kwa jirani, akamwambia kwa heshima zote, yaani kwa kupiga kelele mlangoni, azime pampu ya maji alasiri.

"Pampu?" jirani alisema. "Mzee, ile pampu imekufa zamani. Tunachota kwa ndoo."

Mzee Kinu alimwona mwongo, wakanuniana. Ndiyo sababu sasa alikuwa ameketi dukani, kofia magotini, akiwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe lilikuwa kimya.

Fundi Miwani hakujua lolote katika haya. Yeye aliona mzee anayetaka starehe ya uzeeni, akafurahi, kwa sababu wateja wengi walitaka kompyuta kubwa yenye mataa ya rangi. Alisogeza kiti karibu, akaongea kwa sauti kubwa na polepole, mkono ukieleza pia.

"Mzee, kelele ya kompyuta inaanzia kwenye umeme. Umeme mwingi ukiingia, joto jingi linatoka. Joto likizidi, unaweka feni. Feni ndiyo inayopiga kelele."

"Kama mota," alisema Mzee Kinu.

"Kama mota! Kwa hiyo hatutafuti feni nzuri. Tunatafuta mashine inayokula kidogo mpaka haihitaji feni."

Mzee akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu aongee naye jambo la maana badala ya kumwuliza kama amekula. Alivua saa ya mkononi akaiweka mfukoni, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kufungua mashine.

Fundi alichomeka kipima umeme ukutani, kidude chenye tarakimu, na juu yake akachomeka mashine ya kwanza, ya ofisi, yenye upana wa sanduku la nguo. Tarakimu zilipanda hadi wati sitini na kitu, na hapo mashine ilikuwa haifanyi chochote. Mzee Kinu aliweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka.

"Hii inasaga," alisema.

Ya pili ilikuwa ndogo zaidi, yenye feni moja pana inayozunguka polepole. Wati ishirini. Fundi akasema hii wateja wengi hawaisikii kabisa. Mzee aliweka kiganja, akafumba macho. Aliusikia mzunguko kwenye mfupa wa kidole gumba, laini, lakini upo. "Ipo," alisema. Ya tatu ilikuwa na feni iliyozimwa kwa programu hadi joto lizidi, na Mzee Kinu akauliza likizidi katikati ya sinema itakuwaje, na Fundi Miwani akairudisha kwenye rafu bila ubishi.

"Sinema gani hiyo unayotazama, mzee," aliuliza akitabasamu, "isiyotaka hata pumzi?"

Hapo ndipo angesema. Lakini pale benchini yule mwenye chaja alikuwa bado ameketi, na kumweleza mgeni kwamba unataka kumsikia marehemu mkeo ni kujivua nguo. "Za kawaida," alijibu.

Fundi akaingia nyuma ya duka, akarudi na kitu kidogo alichokibeba kwa mkono mmoja. Lilikuwa kasha la alumini, zito kuliko ukubwa wake, lenye mapezi juu kama bati la mabanda. Ndani, alieleza, prosesa ni dhaifu; ukitaka kuifanyia kazi ngumu itakuchosha roho. Lakini ina sehemu yake maalumu ya kufungua video, kwa hiyo picha haiisumbui. Diski yake haizunguki, ni chipu tupu. Joto linapanda kwenye mapezi, linaondoka lenyewe na hewa. Alichomeka. Kipima umeme kikasema wati sita. Akaonyesha video, kikasema kumi na moja.

Mzee Kinu aliweka kiganja juu ya mapezi. Akangoja. Akageuza mkono, akaweka mgongo wa kiganja.

"Hii imekufa?"

"Iko hai, mzee. Tazama picha hiyo inacheza."

Alitazama picha, akatazama mkono wake. Uvuguvugu tu, kama ukuta uliopigwa na jua. Hakuna kilichotetemeka. Sikufichi, aliona aibu kwa furaha aliyoisikia mbele ya bati.

"Nifungie hii," alisema. "Na uje uniwekee mwenyewe. Mimi nikigusa nyaya zenu hizi nitalipua mtaa."

Fundi Miwani alikwenda alasiri, begi la vifaa begani. Sebule aliyoikuta ilimshangaza. Mapazia mawili mawili, mkeka mnene, friji imechomolewa na mlango wake umeachwa wazi, saa ya ukutani imekwama. Kiti kilikuwa kimoja. Vingine vilisukumwa chumba cha pili, maana mzee alidhani viti vitupu navyo vinarudisha sauti. Kwenye ukuta kulikuwa na picha nyingi za watoto, na katika zote hakuna mama.

Alifanya kazi yake taratibu. Aliichomoa ile kompyuta nyeusi, akahamisha video zote kwenye kasha jipya, akalifunga nyuma ya tivi, akaunganisha spika mbili, akampa mzee rimoti yenye vitufe vichache. Kisha akawasha na kurudi nyuma hatua kidogo, mikono kiunoni, kama fundi anayejua kwamba amefanya vizuri. Hakuna kilichosikika. Aliweza kusikia kuku wakikwaruza nje ya dirisha, nyuma ya mapazia yote yale.

"Haya, mzee! Kimya chako hicho!"

Mzee Kinu alikuwa ameketi, uso umekunjamana. "Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Bado inanguruma."

Fundi Miwani aliinama, akategea sikio kwenye mapezi. Akabadilisha adapta, kwani adapta nyingine hulia kwa mbali, na mtu mwenye masikio makali huweza kuisikia. "Sasa?" Bado. Akachomoa spika. Bado. Akaizima tivi. Bado, alisema mzee, tena inazidi, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupanda kwa hasira. Fundi akamtazama, akatoka hadi kwenye ukumbi palipo na swichi kuu ya nyumba, akaishusha. Taa ya ukumbini ikazimika. Akarudi na tochi ya simu.

"Na sasa?"

"Bado, mwanangu! Husikii? Inasaga kabisa!"

Fundi Miwani alipiga magoti mbele ya kiti, ili mzee amwone mdomo, akapaza sauti, na safari hii bila tabasamu.

"Mzee wangu. Nimezima umeme wote. Hakuna kinachofanya kazi ndani ya nyumba hii isipokuwa mimi na wewe."

Mzee Kinu alitaka kubisha, kama desturi yake. Alitazama friji iliyo wazi. Akaikumbuka pampu ya jirani, na jirani aliyekuwa akichota kwa ndoo huku anaitwa mwongo. Akakumbuka spika za masikioni zilizozidisha ngurumo, na redio ya dukani iliyozimwa bure. Aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, na ngurumo ikaja karibu, nzito, ya mfululizo, yenye ule mlio wa mkanda unaopwaya kidogo kila mzunguko. Aliujua mkanda ule. Aliwahi kuubadilisha kwa mikono yake. Mashine aliyoiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ilikuwa haijazimwa hata siku moja.

Aliogopa. Tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Aliogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni, kwani ukishaizima nyumba nzima na kelele imebaki, hakuna kitu kingine cha kuchomoa.

"Kuna madaktari wa masikio," fundi alisema kwa nguvu. "Wakati mwingine wanasaidia, mzee. Si mwisho."

"Eeh," alisema, lakini hakuwa amesikia, wala hakutaka. Alikuwa akitazama tivi nyeusi. Akaanza kuongea, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mashine, hakujua kuongea siri kwa sauti ndogo. Alimweleza yote kwa ile sauti ya kuita wateja wenye magunia: mkewe na sauti yake, watoto waliotumwa, kamera, binti aliyecheka kisha akalia. Kuku nje waliacha kukwaruza. Fundi Miwani alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya machoni bila kujua anafanya nini, akaivua tena.

"Nirudishie umeme," Mzee Kinu alimaliza. "Halafu sikiliza wewe. Uniambie."

"Mimi?" Fundi alirudi nyuma. "Mzee, mimi si wa kwenu. Mpigie binti yako, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Simu siisikii. Na akiniandikia nitasoma kwa sauti yangu mwenyewe kichwani. Nimechoka na sauti yangu." Alimgeukia. "Wewe ni mwanamke. Angalau itatoka kwa mwanamke."

Kwa mtu aliyemshika binti yake mkono asimwambie, ombi hilo lilikuwa zito kuliko gunia lolote alilowahi kubeba. Fundi alilijua hilo au hakulijua, lakini alikwenda kupandisha swichi, akarudi, akachomeka tena spika na kuiwasha tivi. Akaketi sakafuni karibu na spika, mzee akiwa kitini, na akaiwasha ile video.

Uani. Jua la alasiri. Mgongo wa mwanamume aliyeinama, mkono unasugua bati. Na kutoka kwenye spika, bila ngurumo yoyote ya feni, ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, ya karibu sana, safi hata fundi akageuka kutazama mlango. Kasha lile lilifanya kazi yake yote. Lilifanya kwa ajili ya asiyehusika.

Fundi Miwani alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba arudishe nyuma, akasikiliza tena, na midomo yake ikawa inatembea. Alipomgeukia mzee, macho yake yalikuwa mekundu.

"Anaongea na watoto wenu, kupitia kamera," alisema.

"Eeh?"

"ANAONGEA NA WATOTO!"

"Anasemaje? Sema kama alivyosema yeye. Usinifupishie."

Na hapo ikawa ni lazima. Maneno yaliyosemwa kwa sauti ya kumlinda mtoto aliyelala, mwanamke mgeni ilimbidi ayapige kelele katika sebule yenye mapazia mawili mawili. Aliirudisha video mwanzo, akasimama kando ya tivi, na kila neno lilipotoka kwenye spika alilirudia kwa nguvu zote za kifua chake.

"MNASEMA BABA YENU HASIKII!"

Kwenye tivi mkono ulikuwa unasugua.

"HAYA, ANGALIENI! SIMWITI! NASOGEA TU NYUMA YAKE!"

Mkono unasugua. Jirani alitokeza kichwa juu ya ukuta wa ua, kuna nini huko, lakini hakuna aliyemwona. Mzee Kinu alikuwa ameshika mikono ya kiti. Kwenye tivi, yule mwanamume aliacha kusugua, akageuka, akaitazama kamera, akacheka kwa meno yote.

"MMEONA?" fundi alipiga kelele, na sauti ikamkatika, ikabidi avute pumzi aanze upya. "MMEONA? ANANISIKIA!"

Video ikaisha. Mzee Kinu alikaa akitazama mahali picha ilipokuwa. Fundi alingoja alie, au acheke, au amshukuru. Hakufanya hata moja.

"Sikumsikia," alisema.

Fundi alidhani anasema ya sasa. Alitaka kurudia, lakini mzee aliinua mkono.

"Siku ile. Sikumsikia. Niliona kivuli."

Alibonyeza rimoti mwenyewe, akairudisha, na akanyoosha kidole. Jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha. Kwenye ardhi ya ua, kutoka chini ya picha, kivuli kilikuwa kinasogea polepole, kichwa na viwiko viwili vilivyoinuliwa kushika kitu usoni. Kilipanda juu ya visigino vya mwanamume, kikapanda mgongo, kikaufunika mwangaza wa bati. Ndipo mwanamume akageuka. Muda wote alioegemeza sikio kwenye spika akiwa amefumba macho ili asikie vizuri, mkewe alikuwa pale mbele, anaonekana.

"Aliamini nilimsikia," alisema Mzee Kinu. "Amekwenda nalo kaburini."

Fundi Miwani alikusanya bisibisi zake moja moja. Alipomaliza, alimwinamia na kumwuliza kwa sauti kama angependa arudishe kasha, abadilishiwe na kitu kingine cha kumfaa zaidi, kwa kuwa kimya chenyewe alichokitafuta hakikupatikana. Mzee aliweka mkono juu ya rimoti kana kwamba kuna mtu anayetaka kumnyang'anya.

"Liache," alisema.

Alipobaki peke yake hakuvuta mapazia. Aliyafungua yote, jua likaingia hadi kwenye mkeka. Mashine ilikuwa inasaga kichwani mwake, na sasa aliijua ni yake, hakuwa na wa kumwambia aizime. Akaipunguza sauti ya spika mpaka mwisho kabisa, kwani haikuwa na kazi, akavuta kiti mbele, akaiwasha video. Aliutazama ule mgongo wa mwanamume ukiinama, na mkono ukisugua. Kivuli kilipoanza kupanda juu ya bati, kabla yule wa kwenye tivi hajageuka, Mzee Kinu aliitika kwa sauti yake yote.

"Naam!"

Kisha akairudisha nyuma, akaanza tena.